Hatajwi, Si Hajulikani

Mpendwa Bibi,

Mwalimu wetu ametufundisha kwamba barua njema huanza kwa kuuliza hali ya anayeandikiwa, ndipo mwandishi aeleze yake. Hali yako siwezi kuiuliza tangu tulipokulaza pembeni ya shamba lako la ufuta, kule Ruangwa. Yangu nakueleza kwa neno moja: nimekasirika. Nimekasirika tangu Jumatatu na leo ni Ijumaa. Mwalimu Tekla ameniambia, "Ukikasirika, andika kwa mwandiko mzuri. Hasira yenye mwandiko mbaya haisomwi." Ndiyo maana herufi zangu zimenyooka hivi. Kusoma hukujua, lakini ulipenda kuzitazama herufi zangu. Ulisema zinafanana na nyayo za kuku aliyekwenda sokoni akarudi bila kununua kitu.

Barua hii si ya siri. Kesho nitaisoma kwa sauti mbele ya watu, nikiwa nimesimama kando ya mtungi wako.

Naam, mtungi wako, ule ulioondoka nyumbani kwa gari. Uko hapa Nachingwea, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, katika ukumbi ambao Wazungu wa mashamba ya karanga huchezea dansi zao. Umewekewa kadi, na kadi hiyo ndiyo iliyonikasirisha. Lakini Mwalimu hataki tukilalamikie kitu ambacho bado hatujakieleza, kwa hiyo nitaueleza mtungi kwanza. Wewe unaujua kuliko mimi. Wanaonisikiliza hawaujui.

Ulikuwa mwaka ule tuliposikia kwamba huku Nachingwea yamekuja matrekta yanayovuta mnyororo na kuiangusha miti kama mabua. Mjomba alikwenda kuyatazama mara moja tu, akapata kazi, akarudi kututembelea amevaa viatu, ukamwuliza kama miguu yake inaumwa. Mimi nilikuwa na miaka saba. Asubuhi moja ulinichukua bondeni kuchimba udongo. Ulikuwa ukichimba kidogo, unaweka kwenye ncha ya ulimi, unatema. "Huu una mchanga," ulisema. Ukasogea, ukaonja tena. "Huu una uongo." Nikacheka, nikakuuliza udongo unadanganyaje. Ukasema, "Unakubali kila kitu ukiwa mkononi, ukifika motoni unakana." Wa tatu hukuutema, uliumeza na mate, ukaniambia nishushe kapu.

Nyumbani ulitwanga vigae vya mtungi uliovunjika, mtungi wa mama yako, ukavichanganya na udongo ule. Kisha ukaanza. Hukuuzungusha mtungi, ulizunguka wewe. Uliinama, mikono ikiwa juu ya udongo, ukarudi nyumanyuma ukiuzunguka kama mtu anayecheza ngoma peke yake, mpaka mdomo ukatokea, chini yake shingo, chini ya shingo mabega. Ulipougeuza baadaye na kuufunga kitako, nilikuwa nimeshalala usingizi nikakuta umekwisha. Maneno hayo, mdomo na shingo na mabega na tumbo na kitako, Mwalimu Tekla alipoyaandika ubaoni mwaka huu, wenzangu walishangaa kwamba mtungi una mwili kama mtu. Mimi sikushangaa. Nilikuwa nimeuona mwili huo ukizaliwa.

Nilitaka kukusaidia. Nikaushika niusogeze kivulini, nao bado mbichi, na kidole gumba changu kikazama chini ya shingo. Nililia. Ulikuja ukautazama, ukanitazama, ukaangua kicheko. "Nyamaza," ulisema. "Sasa una kitovu. Mtungi usio na kitovu umezaliwa na nani?" Ukalainisha pande zote, kitovu ukakiacha. Tangu siku ile hukuniita tena kwa jina langu. Uliniita Gumba, na nyumba nzima ikakufuata, mpaka mama yangu mwenyewe akasahau jina alilonipa.

Siku iliyofuata ulichukua kijiti cha mwanzi kilichochongwa ncha, ukachora begani kwa mtungi mistari mitatu iliyokunjwa katikati kama kiwiko. Ulichora pande zote mbili. Niliitazama mistari, halafu nikakutazama wewe. Mistari ile ile ilikuwa mashavuni mwako.

"Bibi, umejichora mwenyewe?"

"Hiyo ni nembo," ulijibu. "Mama yangu alikuwa nayo. Mimi ninayo. Mtungi unayo."

"Na mimi mbona sina?"

"Siku hizi hamchanjwi. Nyinyi mtaandikwa shuleni."

Ulipouchoma kwa majani na magome, ukautoa ungali mwekundu kwa moto, ukaunyunyizia maji ya magome uliyokuwa umeyachemsha. Ulilia kama mafuta ya kukaangia, ukawa mweusi unaong'aa. Jioni majirani walikuja kuuona. Mmoja wao aliyekujua maisha yake yote akauliza kwa sauti ya juu, kana kwamba ni mgeni, "Haya, nani kaufinyanga mtungi mzuri namna hii?" Nawe ukageuza uso pembeni kama bi harusi, ukasema, "Atajwi." Wote wakacheka. Ulisema "atajwi", h ukaiacha, kama wengi wetu tunavyoiacha nyumbani.

Walipoondoka nilikuuliza kwa nini hukusema ni wewe. Ukaninong'oneza, ukiwa umenivuta mbali na mtungi ili usisikie: "Mfinyanzi hatajwi mbele ya mtungi wake. Mtungi ukisikia jina la aliyeufinyanga, utajiona. Na mtungi unaojiona hupasuka." Nikaamini. Tangu hapo, nikipita na maji karibu na mtungi ule, nilifunga mdomo, jina lako lisinitoroke.

Sasa nikukumbushe siku ile ya gari, ingawa najua hukuipa uzito wowote.

Gari lilichemka mbele ya nyumba yetu, moshi ukapanda. Akashuka mama wa Kizungu, ambaye mumewe ni mkuu wa mafundi wa matrekta, na karani wake aliyetoka Lindi, kijana wa kanzu nyeupe na kalamu sikioni. Waliomba maji ya gari. Ukawapa, na ukampa yule mama maji ya kunywa kwa kata, moja kwa moja kutoka kwenye mtungi. Alikunywa, akapiga magoti, akaukumbatia mtungi kama mtu aliyemwona mtoto wa ndugu yake. Alipitisha vidole begani, juu ya nembo. Alikuwa anaupenda kweli, Bibi. Hilo siwezi kulikana hata leo nikiwa na hasira.

Karani akasema, "Bibi, huyu mama anauliza chungu hiki kimefinyangwa na nani."

"Si chungu," ulimjibu. "Chungu kinapika. Huu mtungi."

"Haya, mtungi. Kaufinyanga nani?"

"Atajwi."

"Nani atajwe?"

"Mfinyanzi. Atajwi."

Akacheka. "Bibi, h yako umeiweka wapi?"

"Nimeila na ugali," ulisema, "wewe ulichelewa."

Hata karani alicheka mpaka kalamu ikaanguka. Kisha akamwambia yule mama maneno machache ya Kiingereza, na yule mama akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyepewa habari za msiba. Wakati ule sikujua kwa nini alihuzunika. Sasa najua.

Hakuuachia mtungi. Wewe ulipoona hauachii, ulisema, "Ameupenda, aende nao. Udongo haujaisha bondeni." Nilikuvuta kanga. Nilikwambia kwa Kimwera, ili wasielewe, kwamba ule una kitovu changu. Ulinijibu, "Kitovu hakifi kwa kusafiri." Mtungi ukapakiwa. Yule mama akarudi garini, akatoa bati la biskuti, akakupa kwa mikono miwili kama alivyokuona wewe ukitoa. Bati lilikuwa na picha ya maua mekundu na nyumba yenye bomba la moshi. Biskuti tulikula siku ile ile. Bati ukahifadhia mbegu za ufuta.

Basi miaka ikapita, wewe ukaondoka, na mimi nikaletwa huku kwa Mjomba ili nisome. Nakutaarifu kwamba nasoma vizuri. Muhula huu Mwalimu Tekla ametufundisha jinsi ya kueleza vitu vya mikono: kwanza kitu chenyewe ni nini na ni cha nini, kisha kimetengenezwa kwa kitu gani, kisha umbo, kisha rangi, kisha pambo, na mwisho hali yake, kama ni kizima au kina ufa. Nimejifunza kwamba nakshi ni michoro ya kuchonga, na tarizi ni ya uzi. Nimejifunza kusema kitu kimepindwa, kimepakwa, kimesukwa, kimekatwa mviringo. Maneno haya nayapenda. Nikiwa njiani naeleza kila ninachokiona, hadi Zena, mwenzangu ninayekaa naye dawati moja, ananiziba mdomo. Jana nilieleza mlango wa duka la Mhindi tangu bawaba hadi komeo, mwenye duka akatoka nje kuuliza kama tunataka kuununua.

Tulifundishwa maneno hayo kwa sababu ya maonyesho. Yule mama wa Kizungu amekusanya vitu vya mikono kutoka Ruangwa hadi Nambambo, na baada ya kesho vitapakiwa kwenye masanduku kwenda Dar es Salaam, katika nyumba inayohifadhi vitu vya kale. Kabla havijaondoka, wasichana wa darasa letu tutasimama kila mmoja kando ya kitu kimoja na kuwaelezea wageni kwa Kiswahili. Jumatatu tulikwenda ukumbini kuchagua. Kulikuwa na kigoda cha miguu mitatu, chanuo la mti mweusi, tabakero ya pembe ya kutilia ugoro, mikufu ya shanga, ndonya za kuvaa mdomoni za akina mama wa zamani, na kinyago ambacho Zena alikigeuzia mgongo akisema kinamtazama. Halafu nikauona mtungi.

Sikuuliza. Nilikwenda moja kwa moja, nikainama, nikatafuta chini ya shingo. Kitovu kipo. Bibi, nilifurahi mpaka nikasahau kuamkia watu. Kisha nikasoma kadi. Juu ilikuwa kwa Kiingereza, chini kwa Kiswahili alichokiandika karani:

"Chungu cha kale cha wenyeji wa Ruangwa. Kina nakshi ya pambo begani. Kasoro ndogo chini ya shingo. Mfinyanzi hajulikani."

Nilisoma tena. Mwalimu alidhani nimeugua.

Kwanza, wamekuita mpishi. Ulimwambia yule karani kwa kinywa chako kwamba chungu kinapika na huu ni mtungi, akasema "haya," na bado ameandika chungu. Halafu "cha kale". Mtungi huu mimi ni mkubwa kuliko wenyewe! Weusi wake si wa miaka, ni wa maji ya magome, na mikono yangu ilinuka magome hayo wiki nzima. Kama kuna kilicho cha kale humo ni vigae vya mama yako, na hivyo hawavioni. Hiyo nakshi wanayosema ni ya pambo ndiyo iliyokuwa mashavuni mwako. Sikatai kwamba inapendeza, lakini uso wa mtu hauitwi pambo. Na hiyo kasoro ni mimi. Nimeandikwa kwenye kadi ya Wazungu, na jina nililopewa ni Kasoro Ndogo.

Hayo yote ningeyameza. Nilikwama kwenye neno la mwisho. Nilitazama kadi nyingine. Kigoda, fundi hajulikani. Chanuo, fundi hajulikani. Tabakero, fundi hajulikani. Zena alizisoma pia, akapiga makofi. "Huyu Bwana Hajulikani alikuwa na kazi nyingi!" alisema. "Afinyange, achonge, atunge shanga, alale saa ngapi?" Wenzetu wakacheka. Mimi nilishindwa kucheka, kwa sababu nilikuona umekaa kizingitini na miguu yako yenye udongo, halafu mtu anapita anasema hapa hakuna mtu.

Mwalimu Tekla alinisikiliza mpaka mwisho. Hakusema mimi ni mtoto. Alinishika mkono tukaenda kwa yule mama, aliyekuwa akipanga meza pamoja na karani, yule yule, sasa amenenepa kidogo. Mwalimu akaeleza kwa Kiingereza. Yule mama akanigeukia kwa upole, akauliza nina ushahidi gani. Nikamwonyesha kitovu. Akaniambia niweke kidole. Nikaweka.

Bibi, hakiingii. Kidole changu kimekua. Yule mama aliangalia kidole, akaangalia tundu, akatabasamu kwa huruma, akasema kwa Kiswahili chake, "Hapana, mtoto. Hii ni kidole kidogo sana."

"Nilikuwa na miaka saba, mama!" nilisema. Nilisema kwa sauti kubwa. Mwalimu alinibana mkono.

Karani akaingilia. "Nilikuwepo mimi. Bibi mwenyewe alisema hajulikani, kwa masikio yangu haya."

"Alisema hatajwi," nikasema.

"Si ni yale yale?"

Si ni yale yale! Tangu Jumatatu maneno hayo yananizunguka kichwani kama nzi. Yeye ni mtu wa Lindi, Kiswahili amezaliwa nacho, mimi nimekikuta shuleni na sokoni, na bado mimi najua kwamba si yale yale. Asiyejulikana ni mtu ambaye ukiuliza, watu wanatazamana. Asiyetajwa ni mtu ambaye ukiuliza, watu wote wanacheka, kwa sababu wote wanamjua. Siku ile wewe ulikuwa umesimama mbele yake na udongo kwenye kucha! Alichotakiwa ni kukutazama mashavu, kisha autazame mtungi. Alikucheka h yako, neno lenyewe hakulishika.

Yule mama alisema kadi zimeshapigwa kwa mashine na nakala imeshatangulia Dar es Salaam, kwa hiyo hazibadiliki. Lakini alimwambia Mwalimu kwamba mtoto anaweza kusema kesho anachotaka, kwa maneno yake, ni vizuri kwa wageni. Ndivyo alivyosema, ni vizuri kwa wageni. Kadi itabaki.

Nilirudi nyumbani nikamweleza Mjomba. Aliposikia "hajulikani" aliweka chini bakuli la uji. "Mama yangu? Hajulikani? Ruangwa yote hata mbwa walikuwa wakimjua, maana aliwapiga wote." Nikafurahi, nikadhani nimepata wa kunisaidia. Nikamwambia, "Basi Jumamosi nitamtaja." Akaliinua tena bakuli la uji. Kisha akasema, "Mbele ya mtungi?"

"Mbele ya mtungi."

"Hapana. Hilo usifanye, Gumba. Mtaje hapa, mtaje njiani, mtaje shuleni. Mbele ya mtungi mfinyanzi hatajwi. Ukipasuka je, mbele ya wageni wote wale? Watasema nini juu yetu?"

"Na ukienda na neno lile je, Mjomba? Nani kule Dar es Salaam atakayejua kucheka?"

Aliingia ndani, akakaa sana, akatoka na bati la biskuti. Sikujua kwamba alilichukua baada ya mazishi. Nililipokea nikalifungua, mbegu zako chache bado zimo pembeni. Nikaligeuza. Bibi, wakati tulipokuwa tunakula biskuti zile sikuwa najua kusoma. Sasa najua. Juu ya mfuniko, chini ya maua mekundu, pameandikwa jina la waliotengeneza biskuti, na mji wao. Jina hilo limerudiwa ubavuni. Limegongwa tena kwenye kitako, juu ya bati tupu, mahali ambapo hakuna anayetazama. Jina limeandikwa pande zote ili biskuti zisimpoteze mwenyewe, na bati lenyewe halijapasuka. Lilianguka kisimani mara mbili na halikupasuka.

Nimelitazama bati hilo siku tatu. Sasa nitakwambia jambo ambalo usingependa kulisikia kutoka kwa mjukuu: nimekukasirikia na wewe. Kidogo. Mtungi ulikuwa wako kuutoa, na sikulaumu kwa kuutoa. Lakini ulimpa mgeni kitu bila kumpa mlango wa kukufikia. Katika ua wetu "hatajwi" lilitosha, maana sote tulikuwepo. Hukufikiri kwamba mtungi ungeweza kwenda mahali ambako hakuna hata mmoja wetu. Na ungefikirije? Mbali kwako kulikuwa Lindi. Mimi najua ramani. Nimeonyeshwa Dar es Salaam kwenye ramani na kidole changu, hiki hiki kisichoingia tena kwenye kitovu, kikafika huko kabla ya mtungi.

Kwa hiyo nimeamua. Mjomba amesema hatakuja kesho. Baadaye amesema labda atakuja, atasimama nje dirishani, ili kama kuna kitu kitapasuka asionekane. Mwalimu Tekla ameisoma barua hii hadi hapa, amesahihisha makosa mawili, hakufuta chochote. Aliniuliza tu, "Una hakika na mwisho wake?" Nikamwambia mwisho bado sijauandika, atausikia kesho nitakapousoma.

Nataka waliomo ukumbini wanisikilize vizuri sasa. Kigoda kile cha miguu mitatu kuna mtu aliyekichonga, na huenda mjukuu wake yumo humu, amesimama karibu na mlango, anaona haya. Chanuo lina mtu. Kinyago kina mtu, ingawa Zena hakitazami. Kama mnawajua, watajeni, hata kwa sauti ndogo. Karani ana kalamu sikioni. Pengine mwaka fulani nami nitakuwa mwalimu, na kadi za namna hii nitaziandika mimi, na mstari wa mwisho nitauandika kwanza. Hilo ni tumaini langu na sijamwambia mtu isipokuwa wewe, na hawa wote.

Bibi, sasa tukubaliane. Nikimaliza mstari huu nitasogea mpaka mtungini, niweke kidole changu juu ya kitovu, na nitataja. Kama hutaki, upasue. Sitalia kama nilivyolia siku ile. Vipande nitaviokota kimoja kimoja mbele ya wageni, nitavirudisha Ruangwa, nitavitwanga na kuvitia katika udongo mpya, kama ulivyovitia vya mama yako, na kule Dar es Salaam watapokea sanduku tupu lenye kadi ya chungu. Afadhali vigae vinavyojulikana kuliko mtungi mzima wa mtu asiyekuwepo. Lakini usipopasuka, nitajua kwamba mtungi umelisikia jina lako na haukujiona, umefurahi tu. Na watu wote waliomo humu watakuwa wamelisikia, nao hawawezi tena kusema hawajui.

Wewe ulinipa jina kwa sababu ya mtungi huu. Leo narudisha. Lala salama, Bibi yangu, na kama mkono wako uko tayari, uuzuie mtungi usipasuke.

Ni mimi mjukuu wako,
Gumba,
mjukuu wa Somoe binti Salumu wa Ruangwa, aliyeufinyanga mtungi huu.